Bolti ilikaza, usukani haukukaza: kisa cha dogo wa maziwa kwenye mteremko wa Ipogolo

Siku ile kila mtu pale kijiweni alisema ni breki, na mi mwenyewe kwa dakika kama kumi za mwanzo nilisema hivyohivyo. Dogo ameanguka akishuka kutoka mjini kuja Ipogolo, baiskeli imeletwa imeburuzwa na wenzake wawili, yeye anakuja nyuma anachechemea, mkono wa kulia umechunika mpaka kwenye kiwiko, na ukisikia tu "mteremko" na "baiskeli" akili inakimbilia breki. Mnaoijua Iringa mnaujua ule mlima, mji uko juu kabisa, Ipogolo iko chini karibu na Ruaha Mdogo, hapo katikati barabara inateremka na kukata kona, na malori na daladala yanashuka na wewe. Ni asubuhi ya mwezi wa saba, baridi kali, vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo watu wakaongezea kwamba alishindwa kubana breki kwa sababu ya baridi.

Dogo akawa anasema neno moja tu, "usukani umenikimbia". Hakuna aliyemsikiliza.

Huyu dogo ni wa miaka 17, anapeleka maziwa. Saa kumi na moja alfajiri anafunga madumu kwenye keria, anasukuma baiskeli kupanda ule mlima kwa sababu kuendesha na mzigo ule haiwezekani, anagawa kwa wateja wake Miyomboni na Mshindo, halafu saa tatu hivi anashuka na madumu matupu. Baiskeli yake ni ya mtumba kutoka Japani, ile ya gia yenye tairi pana, fremu ya chuma, nzuri tu. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amebadilisha usukani mwenyewe nyumbani. Ule wa mwanzo ulikuwa umenyooka na uko chini, mgongo ukawa unamuuma, akatafuta mrefu, akaupata kwenye vyuma chakavu, usukani wa BMX ya mtoto, ule wenye umbo la U pana unaopanda juu na una chuma cha kukata katikati.

Sasa mnisikilize vizuri hapa maana ndo penye kisa chenyewe.

Nilipoishika baiskeli kitu cha kwanza nilibana breki zote mbili. Zinabana. Waya mzima, raba za breki zimebaki zaidi ya nusu, rimu haina mafuta. Nikashika mkono wa breki, kumbe umeangalia chini kabisa, unaangalia lami, yaani hata kama ungetaka kuubana ukiwa umekaa kitini vidole visingeufikia. Yote miwili hivyohivyo. Nikashika usukani kwa juu nikausukuma mbele, ukazunguka kwenye stemu yake taratibu kama unafungua mfuniko wa chupa, nikauvuta ukarudi. (Stemu ni ile shingo inayoshika usukani na kushuka ndani ya bomba la uma, yaani ile pacha inayoshika tairi la mbele, mafundi wengine wanaiita shingo tu, tuelewane.)

Nikamuuliza, dogo ulikaza hii bolti? Akasema fundi, wallahi nilikaza mpaka spana ikagoma, nikapanda na mguu. Jamaa mmoja pale akamwambia acha uongo. Nikachukua spana nikaijaribu hiyo bolti ya kibano. Imegoma kweli. Imekaza kama imechomelewa. Na usukani unazunguka.

Dogo hakudanganya. Hicho ndicho kilichonifanya nikae chini niiandike habari hii, kwa sababu nimewasikia mafundi na wazazi wakiwaambia watoto "hukukaza vizuri", basi, mtoto anaondoka anajua kosa lake ni nguvu, kesho anaongeza nguvu, anakata bolti. Bolti ilikaza. Ila ilikuwa inakaza kitu kingine.

Kibano cha stemu kina midomo miwili, bolti inaivuta ikaribiane, na ikikaribiana tundu linapungua linaushika usukani. Midomo ikishagusana, imeisha. Hapo unaweza kukaza mpaka kesho, nguvu yote inaishia chuma kwa chuma kwenye midomo, usukani hauongezewi hata chembe. Nikaangalia kwa pembeni na tochi ya simu, midomo imegusana kabisa, na rangi imemeguka pale ilipogongana. Huu mwanya ndo kitu cha kwanza mtu anatakiwa aangalie na hauhitaji kifaa chochote, macho tu. Ukikaza, usukani ukawa umeshika, na mwanya bado unaonekana, uko salama. Midomo ikigusana kabla usukani haujashika, vipimo havilingani, simama hapohapo.

Nikafungua. Kikatoka kipande cha kopo la soda kimekatwa kwa mkasi, kimekunjwa, na juu yake utepe wa tyubu ya zamani. Tyubu imetoka nje kama ulimi, bati la kopo limekuwa makapi.

Alichofanya ni hiki. Usukani wa BMX ni mwembamba, unapita kwenye kibano kwa kulegea, akaona ajazie. Wote tumeona watu wanajazia, mi nimejazia nikiwa mdogo. Lakini tupige hesabu. Usukani wa BMX wa chuma katikati ni mm 22.2. Stemu ya baiskeli yake ilitengenezwa kwa usukani wa mm 25.4. Tofauti ni mm 3.2, maana yake kila upande kuna nafasi ya mm 1.6. Bati la kopo la soda ni kama mm 0.1, kwa hiyo ungehitaji kulizungusha mara 16, tena likiwa limebanana bila hewa. Yeye alizungusha mara tatu, akaona bado, akaweka tyubu. Raba haiwezi kushika hapo, ukiibana inakimbia pembeni, inajisogeza kidogokidogo kila unapotikisa, leo nusu milimita kesho nusu milimita, na kadiri inavyotoka ndivyo midomo inavyokaribiana mpaka inagusana.

Na kuna mtego ambao simlaumu hata kidogo kunaswa nao. Ule mm 22.2 ndo kipimo kilekile cha sehemu ya kushikia kwenye sukani nyingi za baiskeli zilizonyooka. Kwa hiyo gripu zake ziliingia vizuri, mikono ya breki ikaingia vizuri, vyote vikakaa kama vimezaliwa humo, na mtu akiona vitu viwili vimeingia vizuri hicho cha tatu kilicholegea anakiona ni kasoro ndogo ya kujazia. Kumbe hicho cha tatu ndo kinachobeba mwili.

Kupima bila venia (kile kipimo chenye taya cha kupimia unene) kuna njia ya uzi na rula, mi naitumia kila siku. Zungusha uzi mara moja pale katikati panapobanwa, weka alama, nyoosha kwenye rula. Ukipata sm 7 ni 22.2. Ukipata sm 8 ni 25.4. Ukipata sm 10 ni 31.8, zile nene za baiskeli za kisasa. Ipo pia 26.0 ya baiskeli za mbio za zamani, hiyo uzi unasoma sm 8 na milimita mbili hivi, hapo rula haitoshi, tafuta mwenye venia, maana kuingiza 25.4 kwenye stemu ya 26.0 inaonekana inashika kumbe inashika nusu. Na stemu pima tundu lake pia, usiamini kwamba usukani uliotoka humo ndo ulikuwa wa kwake, unaweza kukuta na wa kwanza aliujazia mtu mwingine.

Vipande vya kujazia vilivyotengenezwa kiwandani vipo, vya alumini, pande mbili nene zinazolala sawasawa kuzunguka usukani mzima, hivyo sina ugomvi navyo. Kopo na tyubu hapana.

Sasa kwa nini ulimkimbia akiwa anashuka na si wiki mbili zote alizopanda nao? Hapa ndo nilikaa muda mrefu, nikatoa na rula. Usukani wa zamani ulikuwa umenyooka, mikono yake ilikuwa karibu usawa mmoja na kibano, akisukuma mbele nguvu inaingia moja kwa moja kwenye stemu, haiuzungushi. Huu wa BMX mikono iko sm 20 juu ya kibano. Ukisukuma mbele kule juu unakuwa kama mtu anayetumia spana ya sm 20 kufungua usukani. Kwa hiyo ameongeza nguvu ya kuuzungusha mara nyingi, palepale amepunguza uwezo wa kibano kuushika. Na mtu anasukuma usukani mbele lini? Anapobana breki kwenye mteremko, uzito wote wa kifua na mabega unakuja mikononi. Pale pa kona akabana, mwili ukaja mbele, usukani ukazunguka mbele, mikono ya breki ikageuka chini, vidole vikateleza, breki ikaachia, tairi la mbele likakata kushoto, mtaroni. Anavyosimulia yeye ni hivyohivyo ila kwa maneno matatu tu, usukani umenikimbia fundi.

Na zile wiki mbili za kupanda si kwamba hazikufanya kitu. Kila asubuhi anasukuma baiskeli yenye madumu kupanda mlima, ameshika usukani, anasukuma, anavuta, anasukuma, na kuna siku kaning'iniza dumu la lita tano kila upande wa usukani kwa sababu keria imejaa. Kupanda ndo kulikuwa kunailegeza ile tyubu, kushuka kukaimalizia. Nilimuuliza kama aliona chochote kabla, akasema juzi yake aliona mikono ya breki imelala kidogo akairudisha juu kwa mkono, akaendelea na safari. Usukani unaorudishwa kwa mkono bila spana ulishaachia siku nyingi. Tungekuwa tumemfundisha hivyo mapema angejua.

Mama yake alifika wakati bado nimeishika ile stemu. Kamwene fundi, kamwene dada, akamgeukia mwanae akaanza kumsema, na mi namwambia dada subiri kidogo hajakosa anavyosemwa, ndo dogo akanyanyua shati kujifuta vumbi na tukaona. Tumboni upande wa kushoto chini ya mbavu kuna alama ya duara, nyekundu, imechorwa kama mtu amemgonga na mdomo wa bomba. Na ndicho kilichotokea. Gripu ya upande ule ilikuwa imechanika mwishoni, bomba liko wazi, usukani ulivyogeuka ncha ikamwingia tumboni alipoangukia.

Hapo sikuendelea na baiskeli. Nilimwambia mama ampeleke hospitali sasa hivi, dogo anasema hajisikii vibaya, nikasema hata kama. Hii alama ya duara tumboni ni ya kuogopwa, ncha ya usukani inaweza kuumiza wengu, ini, kongosho au utumbo bila kutoboa ngozi, na mtu anaongea, anatembea, maumivu makali na kutapika vinakuja baadaye, saa kadhaa au hata kesho yake. Kwa watoto ndo zaidi. Walimlaza siku moja wakamwangalia, wakampima, akatoka mzima, mshukuruni Mungu. Ila na ninyi mkiona duara lile kwenye tumbo la mtoto aliyeanguka na baiskeli msingoje aseme panauma.

Baiskeli ikabaki kwangu siku tatu, na ndo nikakuta la pili ambalo hata halikuhusika na kuanguka, na linanitisha kuliko la kwanza.

Dogo alitaka usukani uwe juu, si ndiyo. Kwa hiyo kabla hajaleta ule wa BMX alikuwa ameshaivuta stemu juu kwenye bomba la uma. Stemu za aina hii zinashikwa na kabari, kuna bolti ndefu inashuka katikati, chini kuna kipande kimekatwa mshazari, ukikaza kinapanda na kusukuma pembeni kinajibana kwenye ukuta wa bomba kwa ndani. Na kwenye shina la stemu kuna mstari umechongwa, wengine wanaweka vistari vingi vidogo, kuonyesha mwisho wa kuvuta. Mstari ule lazima uwe umezama usiuone. Wake ulikuwa nje sm mbili na nusu, unaonekana mchana kweupe. Nilipoitoa nikapima, ndani kulikuwa na sm nne tu. Stemu isiyo na mstari, au umefutika, hesabu angalau sm 6 na nusu ziwe ndani, zimepimwa kutoka chini ya shina kwenda juu.

Kutoka ndani kwenyewe kulikuwa na kazi. Unalegeza ile bolti mizunguko mitatu hivi, usiitoe yote, unaweka kipande cha mti juu ya kichwa chake unagonga na nyundo, kabari inashuka inaachia. Ukigonga bila mti unaharibu kichwa cha bolti. Ya kwake haikushuka, kutu imekula, nikamwagia mafuta ya kulegeza nikaiacha ilale, asubuhi nikagonga ikaachia. Inatoka na alama za kukwaruzwa kuzunguka kabari, nikajua tu. Nikafungua nati ya juu ya vikombe vya gololi, vile ambamo uma unazungukia, inagoma nusu njia, nikaitoa kwa taabu, nikaushusha uma, nikafuta bomba lake kwa mafuta ya taa. Lilikuwa limevimba, na kwenye mzizi wa uzi mmoja wa kushikia nati kuna mstari mweusi mwembamba kama unywele, umezunguka kama robo ya bomba. Ufa.

Maelezo yake ni mafupi. Sehemu ya juu ya bomba la uma kwa nje imekatwa nyuzi za kushikia nati, kwa hiyo ukuta wake ni mwembamba pale, na kila uzi ni kama mahali palipoanzwa kukatwa. Kabari inatakiwa isukume chini ya nyuzi, kwenye ukuta mzima. Ukivuta stemu juu sana kabari inakuja kujibana palepale kwenye nyuzi, unakaza kwa nguvu, bomba linavimba, na kila tuta inafungua ufa kidogo. Siku ufa unapomaliza duara, usukani unabaki mkononi umeshika na uma umekwenda zake. Hapo hakuna cha kuzunguka taratibu wala kurudisha kwa mkono.

Nilimwita mama yake nikamwonyesha kwa tochi, nikamwambia dada uma huu hauchomelewi. Kuna mtu alishamwambia auchomelee. Bomba la uma likichomelewa kienyeji pale kwenye nyuzi, joto linakaribisha ufa mpya pembeni ya pale palipochomelewa, na nati haipiti tena. Nikautafutia uma mwingine wa mtumba, nimeulinganisha urefu wa bomba na nyuzi na ule wa zamani kabla ya kumlipa mwenye nao, na ule wenye ufa nikaukata vipande viwili kwa msumeno kabla ya kuwapa wa vyuma chakavu, maana ule usukani wa BMX si ulitoka kulekule?

Usukani wa kupanda juu tukaupata, wa zile baiskeli za Japani za akina mama zenye kikapu, unapanda na kurudi nyuma kwa mwendeshaji, uzi ukasoma sm 8. Kwa hiyo dogo akapata kimo alichokitaka na stemu ikazama mpaka mstari ukapotea. Ni hivyo tu, kimo kitafute kwenye umbo la usukani au kwenye stemu yenye shina refu zaidi.

Kufunga sasa. Nilisafisha shina la stemu kwa msasa laini, nikapaka grisi kwenye shina, kwenye kabari na kwenye nyuzi za bolti, grisi ndo itakayofanya mwakani itoke bila kugombana. Pale usukani unaposhikwa sikupaka kitu, nimefuta kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kikatoka cheupe. Nimemwona fundi anapaka grisi kote kote kwa kuwa grisi ni nzuri, hapana jamani, hapo ndo pa kuachwa pakavu. Nikaingiza, nikabana nusu, nikasimama mbele ya tairi nikalishika kwa magoti, nikaangalia usukani na ekseli ya mbele kwa pamoja, vikiwa sambamba umenyooka. Watu wanaangalia usukani na fremu, fremu inadanganya kwa sababu tairi linaweza kuwa limegeuka. Halafu nikakaza kabari, halafu kibano, mwanya wa midomo ukabaki unaingiza shilingi.

Mwenye stemu ya kisasa ya bolti nne mbele, kaza kwa kukata msalaba, kidogokidogo, mwanya wa juu na wa chini uwe sawa. Nyingi ya hizo bolti ndogo zimeandikwa Nm 5 au 6, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza, na alenki ya mkono wa sm 10 ukiivuta kwa nguvu ya kunyanyua kilo tano tu ndo Nm 5 yenyewe, kwa hiyo si ya kupanda na mguu, hasa usukani ukiwa wa alumini. Na kwenye hizo za kisasa ile bolti ya juu kabisa kwenye kifuniko haishiki usukani, kazi yake ni kuondoa ulegevu wa gololi, unaiweka kwanza bolti za pembeni zikiwa zimelegea, unanyoosha, ndo unakaza za pembeni. Nimeletewa mbili mwaka huu kifuniko kimekazwa mpaka kimepasuka na za pembeni zimelegea. Baiskeli za breki za vyuma, akina Phoenix na wenzake, usukani na shina ni kitu kimoja kwa hiyo habari ya kibano haiwahusu, ila kabari na kina cha shina vinawahusu sawasawa, na ukitaka kupandisha legeza kwanza zile fito za breki, usivute tu.

Mikono ya breki nimeiweka vidole vinyooke na mkono akiwa amekaa kitini, si nimekaa mimi, amekaa yeye, mikono yake mifupi kuliko yangu. Nikamuuliza breki ya mbele ulizoea mkono gani, akasema kulia, kama baiskeli za Japani zinavyokuja, na alipobadilisha mwenyewe alikuwa ameigeuza kushoto bila kujua. Nikarudisha. Nikageuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia huku tairi la mbele linazunguka hewani, waya mmoja ulikuwa unavutika na breki inajishika, nikaweka mrefu. Usukani ukipanda juu waya za zamani zinakuwa fupi, hiyo jaribu kabla hujatoka nje ya geti.

Gripu mpya nimeingiza kwa spiriti, zikikauka zinashika, usitumie mafuta. Ncha nimeziziba na vipande vya mti wa mpera nilivyochonga vikaingia kwa kugongwa, maana vizibo vya plastiki sikuwa navyo siku hiyo, halafu gripu juu yake.

Majaribio tulifanya na dogo mwenyewe, mi nimekaa pembeni. Alibana tairi kwa magoti akapindisha usukani kwa nguvu zake zote, haukuhama. Akasimama akaulalia kwa mikono miwili kwa uzito wote kama anayepiga pushapu, akatikisa mara tano, haukuzunguka. Akabana breki ya mbele akaisukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kiko kwenye vikombe vya gololi, hakuna kugonga. Akanyanyua mbele akainamisha fremu, tairi likageuka lenyewe bila kukwama. Dakika mbili yote. Nikamwambia hayo manne kila Jumatatu kabla hujafunga madumu, na madumu ya kwenye usukani hapana tena, hata la lita moja.

Mwisho nikataka kuweka alama, mstari mmoja wa rangi unaoanzia kwenye kibano unaingia kwenye usukani, na mwingine kutoka kwenye stemu kuja kwenye nati ya vikombe, usukani ukihama hata kidogo mistari inaachana unaona. Rangi sikuwa nayo. Mama akafungua pochi akatoa rangi yake ya kucha, nyekundu, akachora mwenyewe.

Wamepita juzi, wiki ya tano sasa, nikainama kuangalia. Mistari imeungana. Pembeni yake kuna koti la pili la rangi, jipya, mama anasema ile ya kwanza ilikuwa imeanza kufifia na asubuhi hizi za giza akawa haioni vizuri.